Kabla hujapeleka barua ya kuacha kazi, hesabu likizo yako

Msimu wa watalii ukishapoa, Arusha na Moshi watu wengi huanza kufikiria kuhama kazi. Dereva kaitwa na kampuni yenye magari mapya, mpishi kapata kambi nyingine, mhasibu wa hoteli anataka kufungua ofisi yake Njiro. Mawazo yote yako kwenye mshahara mpya. Ombi langu kwao ni moja: kabla ya barua, chukua karatasi ujue notisi yako ni ya siku ngapi na likizo yako imebaki siku ngapi. Hivyo ni vitu viwili, na vikichanganywa, anayeumia ni mfanyakazi.

Nazungumzia sekta binafsi Tanzania Bara, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Mtumishi wa umma ana taratibu zake.

Anza na mkataba wenyewe, ule uliousaini siku ya kwanza ukauweka kabatini. Angalia kama ni wa kudumu au wa muda maalumu, maana kampuni nyingi za utalii huajiri kwa mwaka mmoja mmoja. Mkataba wa muda maalumu usio na kipengele cha notisi hauvunjwi kwa barua tu: labda mwajiri awe amevunja masharti ya msingi, au mkae mkubaliane umalizike mapema. Makubaliano hayo yawe kwenye maandishi.

Kwa wanaolipwa kwa mwezi, notisi ya chini kisheria ni siku 28. Kama bado uko kwenye mwezi wa kwanza wa kazi, ni siku 7. Anayelipwa kwa siku au kwa wiki, akishapita mwezi huo, ni siku 4. Mkataba unaweza kudai zaidi, mathalani miezi miwili, ila urefu huo uwe sawa kwa pande zote mbili. Mwajiri hawezi kukudai miezi mitatu huku yeye akijiwekea mmoja.

Hapo ndipo inapoingia ile "notisi ya saa 24" inayosifiwa sana vijiweni. Kwa mtu wa mshahara wa mwezi, sheria haina notisi ya namna hiyo. Ukiondoka leo kwa leo na kukataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri anaruhusiwa kukata kwenye malipo yako ya mwisho kiasi ambacho ungelipwa kwa siku hizo. Mara nyingi kiasi hicho ndicho kinachomeza malipo ya likizo yote uliyokuwa unaitegemea. Kama mwajiri mpya ana haraka kiasi hicho, mwombe asubiri wiki nne. Anayekuhitaji kweli atasubiri.

Sasa likizo, na hapa usiwe na haraka. Kila mzunguko wa miezi 12 unakupa siku 28 mfululizo zenye malipo, na sikukuu zinazoangukia humo zinahesabiwa. Aliyepanda Machame au Rombo kula Krismasi akiwa likizo, tarehe 25 na 26 Desemba na Mwaka Mpya zimo ndani ya siku zake. Mwenye chini ya miezi sita kazini kwa kawaida hana haki ya likizo yenye malipo, lakini mfanyakazi wa msimu anayo. Wanaoitwa kila Juni na kurudishwa nyumbani Oktoba walijue hilo.

Ukiondoka katikati ya mzunguko, unalipwa siku moja ya mshahara wa msingi kwa kila siku 13 ulizofanya kazi. Tuchukue mfano wa mtu wa Sakina mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 650,000, anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mzunguko wake ulioanza Januari, anaondoka mwisho wa Agosti. Kwa mwezi anafanya kazi kama siku 26, kwa hiyo siku moja yake ni karibu shilingi 25,000. Miezi minane ni siku 208. Gawanya kwa 13, unapata 16. Zidisha kwa 25,000: shilingi 400,000. Kama mwezi wa nne alishachukua wiki mbili, yaani siku 12 za kazi, zimebaki siku nne, shilingi 100,000. Msisitizo uko kwenye mshahara wa msingi: posho za safari, malipo ya saa za ziada na bakshishi za wageni hazimo.

Suala la mwezi wa nne lina jambo lake. Masika kambi hufungwa na watu huambiwa wapumzike. Kama ulilipwa, huenda hiyo ndiyo likizo yako ya mwaka. Kama ulikaa nyumbani bila senti, haiwezi kuandikwa kwamba umetumia likizo ya mwaka, maana likizo hiyo kisheria ni ya malipo. Chukua salari slipu za Aprili na Mei uzilinganishe na rejesta ya likizo ofisini kabla hujatamka neno la kuondoka. Baada ya barua, kuonyeshwa rejesta huwa kazi ngumu.

Na likizo hailimbikizwi miaka na miaka. Mwajiri anatakiwa akupe ndani ya miezi sita baada ya mzunguko kuisha, au miezi 12 kama ulikubali isogezwe na kazi ililazimu hivyo. Muda huo ukipita, haki ya kulipwa siku hizo inaweza kupotea. Ndiyo maana nashauri uombe likizo kwa maandishi hata pale unapojua utanyimwa. Ile nakala yenye "haikukubaliwa, kazi ni nyingi" siku moja itakusemea.

Bosi anaweza kukuambia kwa sauti ya upole kabisa: "Wewe si una siku zako 16? Nenda nyumbani, zitahesabika humo humo kwenye notisi." Usikubali. Notisi haitolewi mtu akiwa likizo, wala haiendi sambamba na likizo. Ukitaka kupumzika, maliza likizo kwanza, urudi, ndipo upeleke barua. Au fanya kazi siku za notisi na likizo ulipwe fedha.

Barua iwe fupi: tarehe, sababu kwa sentensi moja, na siku ya mwisho ya kazi. Ikipokelewa tarehe 2 Septemba, anza kuhesabu tarehe 3, siku ya 28 ni tarehe 30. Ongeza mstari huu: "Naomba malipo ya siku zangu za likizo ambazo sijazitumia, pamoja na cheti cha utumishi." Peleka nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mbele yako, uondoke nayo. Ujumbe wa WhatsApp peke yake usiutegemee.

Kuna wanaoambiwa, "Andika mwenyewe barua ya kuacha, tusije tukakufukuza." Usiandike siku hiyo. Kiinua mgongo cha siku 7 za mshahara wa msingi kwa kila mwaka uliotimia, hadi miaka 10, hulipwa pale mwajiri anapositisha ajira ya mtu aliyetimiza miezi 12. Anayeacha kwa hiari kwa kawaida hakipati. Kwa barua hiyo unaweza kuwa unakitupa, pamoja na nafasi ya kulalamika kwamba umeachishwa isivyo halali.

Mengine ni ya haraka. Kama una kliniki KCMC au Mount Meru kwa bima ya kazini, nenda kabla kadi haijasimamishwa. Hakiki michango yako NSSF mwezi kwa mwezi. Kama mkopo wa benki unakatwa kwenye mshahara, kaonane nao mapema, kwa sababu malipo ya mwisho yanaingia akaunti ile ile. Deni la Bodi ya Mikopo haliishi kwa kuacha kazi.

Siku ya makabidhiano, orodhesha unachorudisha: gari na kilomita zake, simu, funguo, sare. Ukiletewa karatasi inayosema umelipwa stahiki zako zote, soma kila mstari, uone likizo imeandikwa siku ngapi na shilingi ngapi, na usisaini kabla fedha haijaingia. Mkishindwana, peleka madai Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa madai ya malipo ya likizo una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, kwa hiyo zile ahadi za "njoo wiki ijayo" zihesabu kwa kalenda.