Kuvua trauti kwa nyungunyungu bila kuvunja sheria, na bila kununa ukitaniwa

Ukitokea kwenye kijito cha trauti, wale samaki wa maji baridi, na kikopo cha nyungunyungu mkononi jiandae, maana wale jamaa wa nzi bandia, yaani ndoana iliyofungwa manyoya na uzi ifanane na mdudu, watakuangalia kama mtu aliyekuja harusini na kandambili. Mimi ni mtu wa nyungunyungu miaka yote, nzi bandia navulia pia lakini sio kivile, na utani nimeshakula wa kutosha. Kwa hiyo haya ni maneno ya mtu aliyechekwa na aliyewahi kukosea, tena kukosea kwenyewe kulikuwa kwa kijinga, nitakuja kusema.

Kwanza sheria, na hapa usikimbie. Watu wengi wakiona tu kwenye leseni kwamba mto fulani chambo ruksa, basi, wamefunga karatasi wanaenda zao, kumbe mto mmoja huohuo unaweza ukawa umekatwa vipande, kuanzia darajani kwenda juu ni nzi bandia tu, kuanzia darajani kwenda chini weka unachotaka, na wewe ukishainamisha kichwa unafuata maji hutajua huo mpaka umeupita saa ngapi. Kabla hujafungua kikopo tafuta mpaka uko wapi. Na usiseme "nitavulia huku chini halafu nikimaliza napanda na kikopo changu mfukoni", maana kuna sehemu ukikutwa tu na chambo kwenye maji ya nzi bandia ni kosa, hata kama hukukitumia. Kiache kwenye gari.

Halafu angalia neno chambo wamelipa maana gani. Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Chambo sio nyungunyungu na panzi peke yake, sehemu nyingi wanaingiza humo mayai ya samaki, unga wa kukanda, punje za mahindi, na hata kile cha plastiki laini kikishapakwa dawa ya harufu kinatoka kwenye kundi la chambo bandia kinaingia kwenye chambo kamili. Mimi siku hiyo nilikuwa kwenye maji ya chambo bandia tu, nimefunga kijidude changu cha plastiki najiona mjanja, rafiki yangu kasimama kama hatua kumi chini yangu, upepo unamwendea yeye. Nikamwona ananusa. Akanyamaza. Akanusa tena.

"We bwana, mbona unanukia kitunguu saumu?"

Nikacheka nikidhani ndio utani umeanza. Akaja, akachukua pakiti mfukoni mwangu, akaigeuza nyuma, maandishi madogo: imetiwa harufu ya kitunguu saumu. Nilikunja mshipi palepale. Askari hakunikuta, lakini mpaka leo mtoni mimi ni Kitunguu, kuna watu hawajui jina langu la kweli.

Sehemu nyingine ndio usiseme kabisa. Hifadhi ya Yellowstone kule Marekani chambo asilia hapana, kilichotiwa harufu hapana, chubwi, kile kizito cha kuzamisha ndoana, likiwa la madini ya risasi hapana, na ndoana lazima kile kijino cha nyuma ya ncha kiwe kimebanwa na plaizi au isiwe nacho tangu dukani. Uingereza nako machubwi mengi ya risasi ya wavuvi wa ndoana yamepigwa marufuku tangu 1987 kwa sababu mabata maji walikuwa wanayaokota na kuyameza wakidhani ni vijiwe, wanakufa kwa sumu. Chubwi la bati au la tungsteni kazi ni ileile, nunua hilo uondokane na maswali.

Mtu atauliza, sasa nyungunyungu kamkosea nani? Hajamkosea mtu, tatizo ni namna trauti anavyokula. Nzi bandia ni manyoya na uzi, trauti akimtia mdomoni anagundua fasta sio chakula anamtema, kwa hiyo ndoana ikimshika inamshika mdomoni kwa mbele. Nyungunyungu ana ladha. Trauti anammeza, ndoana inaenda kooni au kwenye matamvua, na hapo hata ukimrudisha majini anaondoka na kifo chake. Hesabu zilizokusanywa Amerika Kaskazini zinaonyesha waliovuliwa kwa chambo wakaachiwa wanakufa karibu theluthi moja, wa nzi bandia hawafiki 5 katika 100. Tofauti ni kubwa, na ndiyo maana mito ya kuvua na kuachia inakataa chambo. Mimi mtu wa nyungunyungu mwenyewe nakubali. Ukiwa unavua wa kula, na idadi inaruhusiwa, hapo hamna shida, shida ni kuvua kwa nyungunyungu halafu kujifanya unaachia.

Lakini ipo namna ya kuvua kwa nyungunyungu na ndoana isifike kooni, na ndiyo hii sasa. Trauti anakaa kichwa kikiangalia maji yanakotoka, anasubiri chakula kije chenyewe, kwa hiyo wewe njoo kwa nyuma yake, yaani panda mto, usishuke nao. Nyungunyungu mmoja mdogo, ndoana namba 8 au 10, mpitishe mara moja tu pale karibu na ule mkanda wake mnene, usimkunjakunje kama soksi. Chubwi dogo kabisa, kama sentimita 25 hivi juu ya ndoana, likiwa kubwa linakaa chini kama jiwe na nyungunyungu anaonekana kafungwa, ambapo kitu unachotaka ni atembee na maji kama ameponyoka ukingoni. Rusha upande wa juu wa mto, mshipi uuvute taratibu kadiri unavyokurudia ili usilegee, na macho yawe pale mshipi unapoingia majini. Ukiona umesimama kidogo, au umeenda pembeni wakati maji hayaendi pembeni, vuta. Usingoje aondoke nao. Kuna wazee watakwambia mhesabie mpaka tano ameze vizuri, hiyo hesabu ndiyo inayoua samaki. Utawakosa baadhi ukivuta mapema, sawa, utachekwa, lakini utakaowapata ndoana itakuwa mdomoni.

Na akimeza je? Usiingize plaizi kooni ukachokonoa. Lowesha mikono kwanza, mkono mkavu unamtoa ule ute unaomkinga na magonjwa, mwache ndani ya maji, kata mshipi karibu na mdomo, ndoana mwachie. Wengi wanaishi nayo, kuliko wale wanaotolewa kwa nguvu na damu ikitoka matamvuani. Ila kama anatoka damu sana na ana ukubwa unaoruhusiwa basi huyo ni wa kwenda naye nyumbani, mhesabu kwenye idadi yako. Na maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi funga kazi, oksijeni inakuwa ndogo na trauti aliyepigana na mshipi anaweza asizinduke hata ungemshika kwa upole namna gani.

Samaki wadogo hai kama chambo, mimi nakwambia achana nao kabisa kwenye mito ya trauti. Sehemu nyingi wamekatazwa, maana mtu anawatoa bwawa hili anawamwaga kijito kile na magonjwa yao. Nyungunyungu waliobaki nao usiwamwage kichakani ukasema ni mbolea. Misitu ya kaskazini mwa Amerika iliyofunikwa na barafu zamani haikuwa na nyungunyungu wake, hawa walioletwa na watu, wengine wakiwa mabaki ya kopo la mvuvi, wanakula ile zulia ya majani makavu mpaka mimea inayochipukia humo inakosa pa kuota. Rudi nao nyumbani, au mpe mwenzio anayebaki, hata kama ni yule aliyekucheka asubuhi, hasahasa huyo.

Haya, tuje kwenye utani. Kitu cha kwanza ukimkuta mtu majini sio utani, ni swali: "Kaka, unapanda au unashuka?" Akisema anapanda basi maji ya juu yake ni yake, wewe zunguka mbali sana au nenda chini. Ukishaingia mbele yake ukawashtua samaki hata uwe mchekeshaji namna gani hamna kitakachochekesha. Ukishauliza, na yeye akajibu vizuri, mlango uko wazi.

Cha kutania ni vifaa, kapa, na kamba. Vifaa kwa maana mtu ana viatu vya majini mpaka kifuani, koti lina mifuko kumi na nane, na samaki hana. Kapa unaijua. Kamba ni ule urefu wa samaki aliyekatika, kila akisimuliwa anaongezeka, hapo mwulize tu kwa upole, "Mzee, mara ya mwisho si alikuwa wa kiganja?" Mtu aliyepoteza samaki mkubwa sasa hivi, mikono bado inatetemeka, muache kwanza mpaka mkirudi kwenye gari. Na anayejifunza siku yake ya kwanza usimcheke mbele ya watu, mfungulie fundo lake kwanza.

Wale wa nzi bandia wakikuita muuza nyungunyungu, jibu lipo. Wenyewe kwa wenyewe waligombana miaka. Halford, Mwingereza aliyeandika vitabu vya kuvua kwa nzi bandia, alishikilia kwamba kwenye vijito vya kusini mwa Uingereza nzi lazima aelee juu ya maji, Skues, mwandishi mwenzake, akasema hata aliyezama kidogo ni halali maana trauti anakula zaidi chini, na ugomvi uliendelea hata baada ya Halford kufa mpaka 1938 klabu yao London ikakaa kikao kulijadili, Skues ana miaka 79. Waambie, mkimalizana nyie kwa nyie ndio mje kwangu.

Ila ukiona mwenzio ana chambo mahali pasiporuhusiwa, usianze kwa kicheko cha kusikika mto mzima. Msogelee, mwambie kwa sauti ya chini, kama yule wangu alivyoninusa. Jina la Kitunguu lilikuja baadaye, tukiwa tumeshakunja, na nilistahili.

Siku ya kapa usijitetee. Nilishawahi kusema maji yalikuwa na tope, yule bwana akanionyesha trauti wake wawili akauliza, "Kwani mimi nilikuwa navulia bombani?"