Muulize Mwenye Uso Kwanza: Namna ya Kulipima Kovu la Flapu

Mama mmoja mkulima wa mwani alinijia mwaka mmoja baada ya kupasuliwa shavu. Alikuwa ameanguka kwenye bodaboda, barabara ikamchuna ngozi ya shavu la kushoto, na daktari akalijaza pengo kwa kuizungusha juu ngozi ya karibu na taya; ngozi inayohamishwa hivyo ndiyo huitwa flapu. Nilimkalisha, nikamtazama. Mshono umelala, mwembamba kama uzi, rangi imekaribiana na ya shavu la pili. Nikampa alama nzuri, nikaandika "kovu limetulia," nikafunga faili. Alipofika mlangoni akateremsha nikabu. Nikamwambia, "Mama, sikujua kama wewe ni mtu wa nikabu." Akasema, "Nimeanza baada ya hili, mwanangu." Na mimi nilikuwa nimeshafunga faili.

Nimefanya kazi ya vidonda hapa Pemba miaka mingi, na tangu siku ile nimeugeuza utaratibu wangu wote. Nauandika kwa ajili ya wauguzi wadogo walioko vituoni, na kwa jamaa wanaouguza mtu nyumbani, kwa sababu daktari mpasuaji humuona mgonjwa mara chache, na kovu hukua mbele ya macho yenu nyinyi.

Kwanza jueni mnachokitazama. Flapu si ngozi ya kubandika. Ngozi ya kubandika hukatwa kwingine mwilini, kama pajani, ikaja bila mshipa wake, ikaishi kwa kunyonya pale ilipolazwa. Flapu huja na damu yake. Ile ya puani, kwa mfano, mara nyingi huteremshwa kutoka kipaji cha uso ikiwa bado imeshikwa karibu na nyusi, penye mshipa. Mimi pale huita kikonyo, na mtu wa Pemba aliyechambua karafuu ananielewa mara moja. Baada ya kama wiki 3 damu mpya huwa imeshaota upande wa pua, ndipo kikonyo kinakatwa. Wahindi waliijua njia hii tangu zama za kale. Watu wa London waliisoma kwenye jarida mwaka 1794.

Maana yake ni kwamba flapu moja ina makovu mawili ya kupimwa: pale ilipofika na pale ilipotoka. Wengi hupima pua na kusahau kipaji. Muulize mgonjwa wako, "Ukisujudu, panauma?" Kovu la kipaji linakutana na mkeka kila sala, na nimeona watu walioanza kusali kwa kiti bila kumwambia mtu yeyote sababu.

Halafu muda. Wiki ya kwanza tunatazama uhai wa flapu, kama ina joto na rangi ya uzima. Kovu bado halijazaliwa. Mimi hupima wiki ya 6 baada ya operesheni, mwezi wa 3, wa 6, wa 12, na kama pana shaka, wa 18. Mwezi wa 3 ndio wa kutisha. Kovu huwa gumu, limenyanyuka, rangi imeiva, na mgonjwa analia kuwa operesheni imeharibika. Mwambieni ukweli: ngozi bado inajenga nyuzi zake na kuzipanga upya, na kazi hiyo huchukua mwaka au mwaka na nusu. Hata ikimaliza, ngozi yenye kovu hurudi kwenye kama asilimia 80 ya nguvu zake za zamani, haizidi hapo. Kwa hiyo hukumu ya mwisho msiitoe kabla ya miezi 12. Lakini msitumie maneno "subiri mwaka" kuyafunika mambo yasiyongoja, nitayataja mbele.

Sasa kupima kwenyewe. Naanza na mwenye uso, kabla sijasema neno wala kukunja uso wangu. Kipo kipimo kilichotungwa Uholanzi, kikatangazwa mwaka 2004, kiitwacho POSAS, chenye karatasi mbili: moja ya mgonjwa, moja ya mtazamaji. Ya mgonjwa, ile ninayoitumia mimi, ina maswali sita: maumivu, muwasho, rangi, ugumu, unene, na mabonde na vilima vya ngozi. Kila moja hupewa alama 1 hadi 10. Moja ni sawa na ngozi yako ya kawaida, kumi ni mbaya kuliko unavyoweza kufikiria. Jumla ni kati ya 6 na 60.

Bibi asiyezoea kuhesabu karatasini atakwambia "kidogo tu" kwa kila swali, kwa heshima yake kwako. Mimi huweka kete kumi za bao mezani. Namwambia, "Bibi, kete hii ya kwanza imekaa, hiyo ni ngozi yako ya zamani. Muwasho wa kovu utauongezea ngapi?" Mkono ukishika kete, jibu huja la kweli. Mtoto na mjukuu waliomleta nawaomba wakae nje, maana wao hujibu kwa niaba yake.

Nikishaandika za kwake, ndipo nageukia za kwangu. Mwanga kwanza. Taa ya juu inaficha vilima. Mkalisheni ubavuni mwa dirisha asubuhi, mwanga umpige kwa pembeni, na kila kilichonyanyuka kitatupa kivuli. Flapu iliyoshonwa kwa mzunguko, hasa ile ndogo ya karibu na pua, huwa na tabia ya kuvimba katikati kama andazi, huku mshono unaoizunguka umezama. Hutokea katika miezi ya mwanzo. Kovu la duara linajikaza pande zote na kukisukuma juu kilichomo ndani. Nyingine hushuka zenyewe, nyingine huhitaji sindano au kurudi kwa daktari. Andikeni kimo chake kwa milimita kila ziara, ili ionekane flapu inayoshuka na isiyoshuka.

Picha ni nusu ya kazi, na ndiyo nusu inayoharibiwa zaidi. Simu nyingi zina namna ya urembo inayosugua uso ukawa laini. Izimeni, la sivyo mnapima kazi ya simu. Simameni kama mita moja, msogeze picha kwa zumu, kwa sababu simu ikiwa karibu pua hutoka kubwa. Nyuma pawe na kitambaa kitupu, msitundike kanga yenye maua na jina. Karatasi nyeupe ikae kando ya shavu, ili rangi ya picha ya leo ifanane na ya mwezi wa 6. Pigeni picha hizi: mbele, robo kulia, robo kushoto, ubavu kulia, ubavu kushoto, na ya kutoka chini ikiwa ni pua. Kisha amefumba macho, kisha anacheka. Mwanamke anavua ushungi kwa ajili yenu; apigwe picha na mwanamke, kwa ridhaa yake, na picha ibaki kwenye faili. Haina safari ya kwenda kwenye kundi la WhatsApp.

Rangi inahitaji subira kwa watu weusi. Kipimo cha Vancouver cha mwaka 1990, ambacho kilitungwa kwa makovu ya moto, kinatazama rangi, damu, ulaini na kimo, jumla 0 hadi 13. Sehemu ya damu inakutaka utofautishe waridi, nyekundu na zambarau. Kwenye ngozi zetu wekundu unajificha, unaonekana kama kahawia iliyoiva au weusi wenye zambarau. Basi chukueni rula ya plastiki inayoona, mbonyeze kovu taratibu. Kinachofifia na kurudi ni damu, kovu bado linafanya kazi. Kinachobaki ni rangi ya ngozi yenyewe. Hapohapo ulizeni anapaka nini. Mkorogo juu ya kovu la flapu umenipotezea wagonjwa wengi: mwezi wa 3 linang'aa na kila mtu amefurahi, mwezi wa 6 ngozi imekonda na mishipa inaonekana.

Kisha vidole. Likamateni kovu baina ya kidole gumba na cha shahada, mlisogeze. Linakunjika, au ni gumu kama kamba ya ngalawa? Limeshikana na mfupa chini yake? Lifananisheni na shavu la pili la mtu huyohuyo, msilifananishe na la mwingine. Kovu lililonyanyuka likabaki ndani ya mipaka ya jeraha huweza kutulia. Linalovuka mipaka na kuingia kwenye ngozi nzima ni keloidi, na hilo haliondoki kwa kungoja. Apelekwe mapema kwa daktari anayelitibu kwa sindano.

Sasa nakuja nilipokosea mimi. Yule mama nilimpima uso ukiwa umetulia kama picha. Nilipomrudisha kitini na kumpa kete, rangi aliiwekea mbili tu. Ugumu akauwekea nane. Nikamwomba atazame juu huku amefungua mdomo wazi. Kope la chini likavutika, weupe wa jicho ukatokea chini ya mboni. Lile shavu zuri lilikuwa linaning'inia kwenye kope. Jicho lake lilikuwa likitoka machozi kutwa, na akipita njiani watu humuuliza, "Unalia nini?" Nikabu ni vazi la heshima na wengi huivaa kwa imani yao. Yeye aliniambia kuwa ya kwake ni kwa swali lile.

Kwa hiyo usifunge faili kabla uso haujatembea. Afumbe macho kama mtu aliyelala, mtazame kama yamefunga. Atazame juu, mdomo wazi. Acheke, apulize, anywe chai mbele yenu muone kama inavuja pembeni. Azibe tundu moja la pua, apumue kwa la pili. Mguseni kwa pamba huku amefumba macho, aseme mmegusa wapi; mwenye flapu ya kipaji anaweza kuguswa pua akahisi kipajini, na akishtuka wakati wa udhu asidhani ana wazimu. Kwa wanaume ulizeni ndevu, kwa sababu flapu ya shavu huhamisha nywele zake mahali zisipotarajiwa.

Yasiyongoja ni haya. Jicho lisilofunga, siku hiyohiyo. Tundu la pua linalozidi kuziba. Na kwa kila aliyepasuliwa kwa saratani, kidonda au kigaga kwenye ukingo wa kovu. Nilimuuguza kijana mwenye ualbino aliyekuwa akianika karafuu juani tangu utoto wake. Pua yake ilijengwa vizuri sana. Mwezi wa 6 palitokea kigaga kidogo, kinatoka damu, kinafunga, kinafunguka tena. Nyumbani walisema ni uzi uliobaki. Kipande kilipopimwa maabara, ilikuwa saratani imerudi. Mimi sisubiri zaidi ya wiki 3 kwa kidonda cha namna hiyo, na kila ziara hupapasa tezi za shingoni na chini ya taya, na hukagua masikio, midomo na mikono yote. Kofia pana na mafuta ya kukinga jua huandikwa kwenye karatasi hiyohiyo ya kovu.

Mkiweza, wapimaji wawe wawili, kila mmoja aandike bila kusikia cha mwenzake. Mkitofautiana sana, msitafute wastani. Acheni alama zote mbili zionekane, na ile ya mgonjwa juu yake.

Karatasi niliyompa yule mama ampelekee daktari ilikuwa na mistari mitano. Mwezi wa 12. Alama zangu 9, zake 27, katika 60. Ugumu 8. Kope la chini la kushoto linavutwa akitazama juu na mdomo wazi, jicho linatoa machozi. Mgonjwa anaomba jicho, haombi kovu.