.22 Hornet kuwa K-Hornet: ubadilishe chemba au uiache?

Wateja wanaoniletea bunduki za risasi ndogo ya .22 Hornet nizigeuze kuwa K-Hornet, yaani nikereze upya chemba (sehemu ya mtutu risasi inamokaa) ili ganda liwe na kuta zilizonyooka zaidi, karibu wote huanza na habari ya kasi. Wanawinda kindi wa ardhini kwenye malisho ya magharibi mwa Marekani, na wamesikia kwamba chemba mpya itaipa bunduki nguvu ya ajabu. Mimi huwauliza kwanza maganda yao ya shaba, yale wanayoyajaza upya, yanadumu vipi. Uamuzi uko hapo.

Hatua ya 1: Weka kasi pembeni. Hornet ya kiwandani, ambayo Winchester waliiingiza sokoni mwaka 1930, hurusha kichwa cha greni 45 (greni ni kipimo cha uzito wa kichwa cha risasi) kwa takriban mita 820 kwa sekunde. K-Hornet aliyoibuni fundi wa bunduki Lysle Kilbourn huongeza mita 30 hadi 60 hivi, basi. .222 Remington, iliyopo tangu 1950, hupita mita 950 tena kwa kichwa kizito zaidi. Kama shida yako ni umbali, uza Hornet ununue .222 au .223, wala usinilipe mimi.

Hatua ya 2: Je, unajaza risasi mwenyewe? Kama hujazi, ishia hapa. Risasi za K-Hornet huzipati dukani kirahisi. Za Hornet ya kawaida zinafyatuka salama kwenye chemba mpya, ila kasi hupungua kidogo kwa sababu sehemu ya nguvu inaishia kutanua ganda.

Hatua ya 3: Chunguza maganda. Hapa usiwe na haraka. Ganda la Hornet limetokana na risasi ya enzi za baruti nyeusi: kuta nyembamba, mwili uliochongoka, bega (pale ganda linapopungua kuelekea shingoni) lililolala. Kila ukifyatua, shaba husogea mbele kuelekea shingoni. Chukua maganda yaliyokwisha kutumika mara kadhaa, uyapime kwa kalipa, kifaa cha kupimia vipimo vidogo. Urefu wa mwisho unaoruhusiwa ni inchi 1.403. Kisha nyoosha kibanio cha karatasi, kunja ncha yake iwe ndoano ndogo, iingize ndani ya ganda na uikokote ukutani kutoka kitakoni kwenda juu. Ukihisi ncha inaangukia kwenye kijimfereji juu kidogo ya kitako, ganda hilo linakaribia kukatika. Litupe.

Kama mifereji ni mingi na kila mara unakata shingo zilizorefuka, K-Hornet itakufaa. Kuta zake zimenyooka zaidi na bega limesimama kwa nyuzi 35, hivyo shaba haitambai sana. Kama maganda yako yanadumu vizuri, sioni sababu ya kuigusa bunduki.

Hatua ya 4: Pima mtutu. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha sukuma kipande laini cha madini ya risasi kipite mtutu mzima, ukipime kipenyo. Hornet nyingi za zamani ni inchi .223, za sasa .224. Chemba mpya haiufufui mtutu uliolika.

Hatua ya 5: Bunduki yenyewe. Winchester Model 70 ya zamani yenye chemba yake halisi iache ilivyo. Wakusanyaji hawalipi bei ile ile kwa iliyokerezwa. Bunduki yenye mfumo dhaifu wa kufunga usiibadilishe ukitegemea kuongeza baruti. Uzuri wa Hornet ni kwamba risasi huzuiwa ndani ya chemba na ukingo wa kitako, kwa hiyo fundi hupitisha rima (kifaa cha kukereza chemba) mbele tu, mara nyingi bila kurudisha mtutu nyuma. .223 huzuiwa na bega. Ukitaka kuigeuza kuwa Ackley Improved, chemba iliyoboreshwa kwa namna kama hii, mtutu unafunguliwa na kurudishwa nyuma, na bili inapanda. Watu husahau tofauti hii wanapolinganisha bei.

Hatua ya 6: Jumlisha gharama zote. Kazi ya fundi mwenye leseni, dai mpya za kujazia (vyombo vya kuunda upya ganda), na risasi za kutengenezea maganda. Unafyatua Hornet ya kawaida, ganda linatoka na bega kali. Machache yatapasuka, yahesabu kama hasara tangu mwanzo. Jaza upya kwa kufuata kitabu cha K-Hornet, ukianzia kiwango cha chini. Kipimo cha rafiki yako ni cha bunduki yake.

Ukikubali, mwambie fundi achonge jina K-Hornet kwenye mtutu kabla hajakurudishia. Ganda lililokwisha kutanuka haliingii tena kwenye Hornet ya kawaida, na atakayeinunua bunduki baadaye atataka kujua anajazia chemba gani.