Rasimu ya ratiba ya vipindi ikitoka: mambo ya kuzingatia kabla ya kuomba mabadiliko

Rasimu ikishaingia kwenye kundi la WhatsApp la idara yenu chuoni, nusu ya watu hutafuta jina lao, huona Jumatatu saa 1 asubuhi, hukasirika, na ndani ya dakika tano ombi limeshatumwa. Usiwe mmoja wao. Anza na kichwa cha ukurasa: ni rasimu ya kwanza au ya pili, na imetolewa tarehe ngapi? Mafaili kwenye simu yana majina yanayofanana, na kila muhula hakosekani anayelalamikia toleo lililokwishafutwa. Kisha soma tarehe ya mwisho ya kupokea maoni. Ikipita, hata ombi la haki litasubiri wengine wamalize, nawe utapewa mabaki ya vyumba.

Mambo mepesi yamalize haraka. Kila kozi ya idara imo? Msimbo wake ni wa mtaala unaotumika sasa au wa ule wa zamani? Saa zinatosha? Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU), krediti 1 ni saa 10 za kujifunza, kwa hiyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ila humo mna kujisomea, kazi za nyumbani na mitihani, usije ukagawa kwa wiki 15 ukadai saa 8 za ukumbi. Fungua maelezo ya kozi, tazama mihadhara ni saa ngapi, semina ngapi, vitendo ngapi, kisha linganisha na rasimu.

Tazama pia jina la mhadhiri limeandikwaje. Programu ya kupanga ratiba haimjui mtu, inajua herufi. Akiingizwa kwa jina kamili kwenye kozi moja na kwa herufi za mwanzo kwenye nyingine, kwake hao ni watu wawili, na itawapanga wote Alhamisi saa 4 asubuhi bila wasiwasi. Kinyume chake nacho kipo: kozi moja inayofundishwa kwa shahada mbili kwa misimbo miwili. Darasa ni moja na mhadhiri ni mmoja, lakini rasimu inaonyesha vipindi viwili siku mbili. Hapo usiombe kuhamishwa, omba misimbo iunganishwe. Ukiomba kuhamishwa, kitahama kimoja, na cha pili kitabaki kinakalia ukumbi bure muhula mzima.

Kuhusu ukumbi, usiamini namba ya viti iliyo kwenye orodha. Nenda ukahesabu. Ukumbi ulioandikwa 150 unaweza kuwa na viti 118 vinavyokalika, na vilivyobaki vimerundikwa nyuma miguu juu. Angalia soketi, projekta na taa. Na kwa kuwa muhula wa kwanza huku Mbeya na Iringa unaenda sambamba na mvua, ulizia paa: chumba cha bati kisicho na dari, mvua ya saa 9 alasiri ikianza, mhadhiri asiye na maikrofoni anaishia kuandika ubaoni tu. Hiyo ni sababu halali ya kuomba ukumbi mwingine kwa darasa kubwa la alasiri, mradi uiandike hivyo. "Ukumbi haufai" haimwambii mtu chochote.

Idadi ya mwaka wa kwanza ichukue kama makisio. Udahili huenda kwa awamu, wengine huhama chuo, wengine hubadilisha programu wiki ya pili, na rasimu hutoka kabla ya hayo yote kutulia. Darasa likikadiriwa 90, usikubali ukumbi wa 90.

Sasa tufike kwenye kosa linaloharibu ratiba kuliko mengine yote, nalo ni kuona ukumbi uko wazi ukadhani nafasi iko wazi. Ombi la kuhamisha kipindi lina pande tatu: mhadhiri, ukumbi na wanafunzi. Watu huangalia mbili za kwanza kwa sababu zinaonekana kwenye ukurasa. Ya tatu haionekani mpaka uitafute.

Chukua kisa hiki kwenye kitivo cha ualimu, ambako kila mwanafunzi anasoma masomo mawili ya kufundishia. Yakiwa masomo sita, yaani Historia, Jiografia, Kiswahili, Kiingereza, Hisabati na Uchumi, kwa kuyapatanisha mawili mawili unapata michepuo 15. Hata chuo kikitoa minane tu, bado Historia imefungamana na karibu kila somo. Mhadhiri wa Historia ya mwaka wa pili, wanafunzi 240, kapangiwa Jumatatu saa 1 hadi saa 3 asubuhi. Anaona Jumatano saa 4 hadi saa 6 yeye hana kipindi na ukumbi mkubwa ni mtupu. Anaomba, anakubaliwa, na badiliko linafanywa kwa mkono kwenye faili la Ekseli, kwa sababu programu ilishatoa ratiba na hakuna anayetaka kuirudisha nyuma. Kwenye Ekseli hakuna king'ora cha kugongana.

Jumatano ya kwanza ukumbini wamo 170. Wale 70 wa mchepuo wa Historia na Kiswahili wako jengo la pili, kwenye mhadhara wa Kiswahili. Mhadhiri wa Historia anadhani ni utoro wa wiki ya kwanza. Wiki ya pili kiongozi wa darasa anakwenda kueleza. Anaombwa mwenzake wa Kiswahili ahame, naye akihama anagonga semina za Jiografia. Kurudi Jumatatu saa 1 haiwezekani tena, kwa maana ukumbi umeshachukuliwa na Uhasibu. Kinachobaki ni kuwafundisha wale 70 peke yao Ijumaa jioni: saa 2 za ziada kila wiki, kwa wiki 13 zilizosalia ni saa 26 ambazo hazimo kwenye mzigo wa kazi wa mtu yeyote. Jaribio la kwanza likija, kundi moja liko mada ya nne na lingine liko ya tatu.

Kwa hiyo kabla ya kuandika ombi, fanya hivi. Orodhesha programu na michepuo yote inayosoma kozi yako, si ile ya idara yako tu. Fungua ratiba ya kila mmoja kwenye siku na saa unayoitaka. Angalia kozi za lazima, kisha za kuchagua, kisha zile za pamoja kama Stadi za Mawasiliano na Taaluma za Maendeleo, maana hizo hukusanya shahada nyingi kwa mpigo na mara nyingi hupangwa na ofisi nyingine. Malizia na wanaorudia kozi. Hao huwezi kuwaridhisha wote, lakini aliye mwaka wa mwisho na anarudia kozi ya mwaka wa pili umtetee, kwa kuwa kipindi chake kikigongana, mahafali yanamwacha. Kazi hii inaweza kukuchukua nusu saa. Ukiimaliza, andika kwenye ombi kwamba michepuo yote imekaguliwa na uitaje kwa majina. Mratibu wa ratiba akiona mstari huo, ombi lako linakwenda juu ya rundo.

Jambo la saa nalo limewaumbua wengi. Programu inaandika 08:00 na sisi tunasema saa 2 asubuhi. Mtu akiandika "nihamishieni saa 8", yeye ana maana ya saa 8 mchana, na aliye kwenye kompyuta anaingiza 08:00. Rasimu ya pili inatoka, mwenye ombi anasoma "8" anaridhika, na wiki ya kwanza wanafunzi wanampigia simu asubuhi wakiwa ukumbini wamejifunika mashuka ya Kimasai kwa baridi, yeye bado anachemsha chai. Andika zote mbili kila mara: saa 8 hadi saa 10 mchana (14:00–16:00). Saa 7 mchana na 07:00 nazo huchanganywa vivyo hivyo.

Maabara ina hesabu zake. Wanafunzi 120 kwenye maabara ya nafasi 30 ni makundi manne. Kila kundi likihitaji saa 3, hizo ni saa 12 kwa wiki kwa kozi moja. Rasimu ikikuonyesha makundi mawili yamefuatana, saa 2 hadi 5 na saa 5 hadi 8, pinga. Bureti, ile mirija ya kupimia kemikali, hazijioshi zenyewe, na fundi sanifu wa maabara anahitaji walau nusu saa kupima kemikali za kundi linalofuata. Yakibanana hivyo, kundi la pili ndilo linalopata majibu ya ajabu kwenye ripoti, kisha linalaumiwa kwa uzembe. Semina ni vivyo hivyo: darasa la 180 kwa makundi ya 30 ni semina 6, na kama wasaidizi wa wahadhiri ni wawili, kila mmoja ana tatu. Hakikisha hakuna semina inayotangulia mhadhara wake ndani ya wiki, isipokuwa mmekubaliana hivyo.

Mhadhiri wa muda mtetee mapema, kwa kuwa mara nyingi hayumo kwenye kundi la WhatsApp. Anayetoka Tukuyu ana kilomita zipatazo 70 za milima na ukungu kabla ya kufika Mbeya mjini. Vipindi vyake vikusanywe siku moja au mbili, visianze saa 1. Hata wa hapahapa mjini, anayevuka kutoka Uyole kwenda upande wa Iyunga asubuhi yuko pamoja na malori ya Tunduma kwenye barabara hiyohiyo. Ila usiitumie foleni kama sababu ya kila kitu, wanaosoma maombi nao wanapita hukohuko.

Ijumaa, saa 6 hadi saa 8 mchana pana sala. Ijumaa baada ya jua kuzama, na Jumamosi mchana kutwa, wapo Wasabato. Yaseme haya kwenye rasimu ya kwanza, usisubiri wanafunzi wayaseme.

Ombi lenyewe liwe fupi na kamili: msimbo wa kozi, kundi, siku na saa ya sasa, ukumbi wa sasa, tatizo, pendekezo la kwanza, pendekezo la pili. La pili ni muhimu, kwa sababu la kwanza huenda limeombwa na watu wanne. Tenganisha yaliyo ya lazima na unayoyapenda tu. Kugongana, ukumbi kutotosha, kukosa kifaa, sababu ya kiafya yenye barua: hayo ni ya lazima. "Napendelea asubuhi" ni upendeleo, uandike kama upendeleo. Ukiupaka rangi ya dharura mara moja, muhula ujao hata dharura yako ya kweli itatiliwa shaka. Maombi yote yapite kwa mwakilishi wa ratiba wa idara, yakusanywe kwenye jedwali moja, mkuu wa idara aone, ndipo yaende. Wahadhiri wawili wa idara moja wakiomba nafasi ileile kila mmoja kivyake, mratibu hatakaa kuwapatanisha. Atawaacha wote walipo.

Rasimu ya pili ikitoka, kagua upya kila kitu, hata usichokiombea. Kutatua shida ya mwenzio kunaweza kukuhamisha wewe. Usiwatangazie wanafunzi nafasi mpya kabla haijaonekana kwenye ratiba iliyoidhinishwa, wala usibadilishane ukumbi na mwenzako kwa maneno ya koridoni. Siku ya jaribio mtakutana mlangoni na darasa jingine kabisa, ambalo ndilo ratiba inalitambua. Tunza nakala ya ombi na jibu lake. Umeme ukikatika wiki ya ratiba, usikimbilie kupiga picha za skrini na kuzisambaza, zitazunguka mpaka Januari. Na ile karatasi uliyobandika mlangoni mwa ofisi wakati wa rasimu ya kwanza, ibandue.