Kuogelea masafa ukubwani: mashauri ya mkulima wa mwani wa Paje

Sisi wakulima wa mwani wa Paje, pwani ya mashariki ya Unguja, tunaingia baharini tangu usichana, lakini wengi wetu hatujui kuogelea. Tunatembea tu. Maji yakipwa tunakwenda shamba, yakianza kujaa tunarudi. Sasa kotonii, ule mwani wenye bei nzuri, haistahamili tena maji madogo, joto linaiozesha, na anayeitaka inabidi aifuate kwenye kina. Ndipo nami nikajifunza utu uzimani, na ndipo mashoga zangu wakaanza kuniuliza: mbona nikipiga mikono kumi tu nahema hivi?

Kwa sababu unabana pumzi, mwenzangu. Nguvu unazo, anayebeba magunia ya mwani mbichi hakosi nguvu. Lakini ukitia uso majini unafunga kifua, na ukigeuza kichwa ile nafasi ndogo unaimalizia kutoa hewa ya zamani. Ya kuingiza mpya huna. Mara tatu nne hivyo, moyo unakwenda mbio, unasimama.

Basi anzia hapa. Simama maji ya kifua, inama, tia uso, uvume kwa pua, mmmmm, mapovu yakupite mashavuni mpaka yaishe. Inua kichwa, fungua mdomo, hewa itaingia yenyewe. Usiondoke hapo mpaka uweze mara ishirini mfululizo bila pupa. Wapo wanaoona huo mchezo wa watoto wakauruka, na hao hao ndio wanaorudi kuniuliza.

Kisha kichwa. Tazama mchanga ulio chini yako, usitazame unakokwenda. Kichwa kikiinuka miguu inazama, na hapo unauburura mwili. Miguu ipige kidogo tu, misuli ya mapaja inakula hewa kuliko mikono.

Sasa masafa. Ogelea sambamba na ufukwe, maji yasipite kifua. Mikono ishirini, simama, vuta pumzi kumi za taratibu, endelea. Mara nane zatosha kwa siku, siku tatu kwa wiki. Ukisimama ukaweza kusema sentensi nzima, mwendo ni huo. Ukishindwa, umekwenda mbio. Wiki ya pili usiongeze mikono, punguza mapumziko: pumzi kumi ziwe nane, halafu sita. Zikifika tatu, ndipo ishirini iwe thelathini.

Mwezi nao uutazame. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji yetu hupwa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa kiasi cha saa kumi alasiri, na tofauti yake hukaribia mita 4. Maji ni mengi, lakini yanakwenda kwa kasi. Maji mafu, mwezi ukiwa nusu, yanajaa asubuhi, mkondo umelegea, na shamba halina kazi kubwa. Hizo ndizo siku za kuongeza masafa. Miezi ya kusi, upepo wa kusini, wahi alfajiri, kabla upepo haujaamka na wageni hawajajaa na matiara yao ya kuwavuta juu ya maji.

Dera liache nyumbani, linajaa maji na kukuvuta chini. Suruali ya kubana, fulana ya mikono mirefu, ushungi uliofungwa nyuma, stara imetimia.

Usiingie peke yako. Na hata ukiwa na mwenzio, chukua dumu tupu la lita 5, kaza kifuniko, lifunge kwa kipande cha kamba ya mwani, mita moja na nusu hivi, mwisho wa pili ujifunge kiunoni. Litakufuata nyuma bila kukuzuia. Ukichoka, livute ulikumbatie kifuani, ulale, upumue. La manjano ndilo zuri, wenye ngalawa wanaliona kwa mbali. Ila dumu halikuokoi na mkondo: kwenye mlango wa mwamba, ule uwazi maji yanapopitia kwenda bahari kuu, maji yakishaanza kutoka, usikaribie, hata ukiwa umeshafika mikono mia.