Namna ya Kulisoma Jiwe la Matumbawe Ukiwa Mwanza

Nafundisha jiografia hapa Mwanza, na nataka kila mwanafunzi alishike jiwe la matumbawe mkononi kabla hajalisoma kitabuni. Mwombe ndugu anayetoka Dar au Tanga akuletee kipande kilichobaki kwenye ujenzi. Asivunje matumbawe yaliyo hai, tafadhali.

Anza na jiwe la kwetu. Graniti ya Capri Point ilipoa chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni 2.5 iliyopita, msumari hauzichubui chembe zake zinazofanana na kioo, na siki haiifanyi kitu. Lile la pwani msumari unalikwaruza, na tone la siki linatoa vipovu taratibu. Lakini jaribu siki hiyohiyo kwenye ganda la kome wa ziwani: nalo linatoa vipovu. Kwa hiyo siki inakuonyesha chokaa tu; matumbawe utayajua kwa umbo.

Lowesha jiwe, lielekeze juani kwa ubavu, utazame kwa lenzi. Tafuta vikombe vidogo vyenye kuta nyembamba zinazoelekea katikati kama njiti za gurudumu la baiskeli. Kila kikombe kilikuwa makao ya mnyama laini aliyejijengea kiunzi cha aragonaiti, aina ya madini ya chokaa, kutokana na maji ya bahari. Mwilini mwake waliishi mwani waliohitaji mwanga, ndiyo maana miamba hii hukua kwenye bahari ya joto, maji maangavu, kina kifupi. Ziwani kwetu maji ni matamu, si ya chumvi, na matumbawe hayo hayaishi humo.

Sasa kaa hapa, maana ndipo penye utamu. Miaka 125,000 hivi iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Baadaye barafu ilitanda duniani, na kufikia miaka 20,000 iliyopita bahari ilikuwa imeshuka mita 120 hivi. Matumbawe yakabaki nchi kavu, yakinyeshewa. Mvua iliyobeba kaboni dayoksaidi ya udongoni iliyeyusha aragonaiti, kisha ikaacha kalsaiti, madini mengine ya chokaa yaliyo imara zaidi. Ukiona kikombe kimejaa fuwele zinazometa, hiyo ni kalsaiti. Ukiona tundu tupu lenye umbo la tumbawe, kiunzi kimeyeyuka na hakijajazwa.

Chokaa ya mapango ya Amboni, Tanga, ni ya kale zaidi: ni ya zama za Jurasiki, enzi za dinosaria. Huko maji yameyeyusha hadi kuchimba vyumba.

Ukimaliza, suuza siki, kausha jiwe, uandike juu yake lilikotoka.