Kubadilisha Oili Mwenyewe au Kumlipa Fundi: Nilivyojifunza na Probox Yangu

Probox yangu hutoka Utawala, hapa Nairobi, saa kumi alfajiri kwenda soko la Marikiti kuchukua nyanya, hoho na sukuma wiki, na ikifika saa mbili asubuhi imeshazunguka vioski kumi na viwili. Hilo gari ndilo duka langu. Likilala gereji siku mbili, wateja hununua kwa mwingine, na si wote wanaorudi.

Zamani nilikuwa nalipa gereji moja nzuri, yenye viti vya kungojea na chai. Fundi aliyewatangulia alikuwa ameandika kilomita juu ya filta ya oili kwa kalamu nyeupe: 184,300. Nilipofika 189,400 nikalipia servisi hapo kwenye gereji nzuri, na risiti ikasema oili mpya na filta mpya. Wiki mbili baadaye nikampelekea gari mzee mmoja wa kuchomelea egzosi Kariobangi. Akaliinua, akaingia chini, akaniita. "Mama, njoo uone hapa. Hii filta ulibadilisha lini?" Nikainama. Namba ilikuwa pale pale, 184,300, imefifia kidogo tu mahali ilipopanguswa kwa petroli ili kopo ling'ae. Nilirudi na risiti wakanirudishia pesa ya filta bila ubishi. Lakini oili mpya ilikuwa imezunguka wiki mbili nzima kupitia uchafu wa zamani. Filta ikijaa, ndani yake kuna vali inayofunguka ili injini isikose oili, na hapo oili hupita bila kuchujwa chochote.

Tangu siku hiyo nabadilisha mwenyewe.

Niseme pesa kwanza, maana ndilo swali ninaloulizwa na kila mtu. Mara ya mwisho nilinunua lita nne za oili nyepesi ya 5W-30 kwa shilingi 3,900, filta 650, na washa, kile kipete cha kuzibia nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini), 50. Jumla 4,600. Gereji zenye viti zilikuwa zikinitoza karibu 7,000 kwa kazi hiyo hiyo. Mimi hubadilisha mara sita kwa mwaka, kwa hiyo hapo nabakiza kama 14,400, na vifaa vyote nilivyonunua vilijilipa mwaka wa kwanza. Lakini ukilinganisha na fundi wa jua kali wa mtaani kwetu, anayechukua 500 ukimletea oili na filta yako, akiba ni 3,000 tu kwa mwaka, nawe umelala juu ya simiti mara sita. Kama ni 500 hiyo tu inakusukuma, mpe kijana wa watu, naye ana familia. Mimi nafanya kwa sababu najua kilichoingia, najua kilichotoka, na kila mara naona chini ya gari langu: mpira wa kufunika ekseli ulioanza kupasuka, bomba la breki linalosuguana, mahali panapovuja kabla hapajawa mto.

Kuna watu ambao ningewaambia walipe bila kujuta. Kama unaishi kwenye ghorofa na maegesho ni ya kugombania, au mwenye nyumba hataki gari lifunguliwe pale, usianze vita. Kama uwanja wako ni mteremko au udongo laini, usiingie chini ya gari. Na kama nati ya sampu imeshaharibika meno kwa kukazwa na mtu mwenye hasira, hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa vya kutengeneza meno upya.

Sasa kilomita. Kitabu cha gari langu kiko kwa Kijapani, kama vya magari mengi tuliyoletewa kutoka kule, lakini tarakimu husomeka: oili ya injini hii ya 1NZ-FE ni lita 3.7 ukibadilisha na filta. Vitabu hivi hutofautisha matumizi ya kawaida na matumizi magumu, na magumu hukata kwa nusu muda wa kubadilisha oili. Nairobi ni magumu. Ukikwama Jogoo Road dakika arobaini, injini imefanya kazi dakika arobaini na dashibodi imeandika kilomita tatu. Ongeza vumbi la barabara za ndani, na safari fupi fupi ambazo haziachi injini ipate joto la kutosha kukausha unyevu ulioingia kwenye oili. Ndiyo maana mimi husimama kwenye kilomita 5,000. Rangi nyeusi peke yake isikutishe. Oili inayosafisha injini lazima ichafuke. Hesabu kilomita na miezi.

Kuhusu oili yenyewe, nimebishana na mafundi wengi wanaosema gari kuukuu litiliwe oili nzito ya 20W-50. Gari langu linawashwa alfajiri, na Julai hapa baridi unaijua. Injini huumia zaidi katika zile sekunde za kwanza kabla oili haijapanda juu, na oili nyepesi hupanda upesi. Tena hizi injini za VVT-i huitumia oili kusukuma mtambo unaobadilisha muda wa vali kufunguka, kupitia njia nyembamba zenye chujio dogo. Nimebaki na 5W-30 na injini haijanidai kitu. Nunua kwenye duka la kituo cha mafuta au kwa muuzaji unayemjua. Kirinyaga Road, ambayo wengi bado tunaiita Grogan, ina filta nzuri za bei nafuu, lakini oili hainunuliwi kwa bei pekee, maana ya bandia ipo. Angalia kama kifuniko kimewahi kufunguliwa, na kama namba kwenye kopo haijakwanguliwa. Ukimaliza lako, litoboe kabla ya kulitupa. Makopo matupu yenye lebo safi yana wateja wao, na yatarudi sokoni yakiwa na kitu kingine ndani.

Haya, kazi. Washa injini dakika tano tu. Oili ya uvuguvugu hutoka vizuri pamoja na uchafu, lakini ya moto itakuchoma hadi kiwiko. Gari liwe mahali tambarare, pagumu, breki ya mkono imevutwa, mawe mawili nyuma ya magurudumu ya nyuma. Inua mbele kwa jeki, kisha weka stendi mbili chini ya sehemu imara ya bodi na ulishushe gari likae juu ya stendi. Jeki peke yake usiiamini hata kwa dakika moja. Kabla sijaingia mimi hulisukuma gari kwa bega, kwa nguvu kabisa. Likitingishika, naanza upya. Tena simu namwachia mtu aliye nje, si ndani ya nyumba.

Chini utaona sampu, kama sufuria pana, na nati yake ya kichwa cha 14. Hakikisha ni sampu ya injini. Kwenye gari la otomatiki giaboksi iko jirani na ina nati yake, na kuna watu wamemwaga oili ya gia wakidhani ni ya injini, kisha wakajaza injini hadi juu. Ikitoka nyembamba na nyekundunyekundu, simama, funga, hapo sipo.

Legeza nati kwa spana ya duara au soketi, si spana ya kurekebisha, itakula kichwa cha nati. Ikishalegea, malizia kwa vidole huku ukiisukuma juu kama unayeirudisha, hadi uhisi imeachia uzi wa mwisho, kisha iondoe upesi na mkono uende kando. Beseni liwe nyuma kidogo, maana mwanzo oili huruka kwa mshazari kabla ya kudondoka wima. Acha itiririke hadi iwe tone moja moja. Mimi hunywa chai hapo. Mafundi wenye foleni hawana muda huu, ndiyo maana oili ya zamani nyingi hubaki ndani.

Badilisha washa, kisha rudisha nati kwa vidole kwanza, mizunguko kadhaa, ndipo ushike spana. Hapa ndipo watu huharibu. Nati hii inahitaji nguvu ya kama nyutoni mita 37. Mimi sina kile chombo cha kupima, ila napima mizigo kila siku: ni kama mfuko wa kilo 20 ukining'inia kwenye ncha ya spana ya sentimita 20. Mkono mmoja, mkazo wa uhakika, basi. Ukijikuta unatafuta bomba la kurefusha spana, umeshapita.

Filta sasa. Sogeza beseni, maana nayo ina oili ndani. Izungushe kwa mkono au kwa mkanda wa filta. Ikishatoka, igeuze uitazame mdomo: lazima ule mpira mweusi wa mviringo uwe umetoka nayo. Nasisitiza kwa sababu mara yangu ya pili sikutazama. Mpira wa zamani ulikuwa umebaki umeng'ang'ania injini, nikakazia filta mpya juu yake, mipira miwili ikapandana. Nikawasha. Kijana wa jirani, aliyekuwa amechuchumaa kuchungulia, akapiga kelele, "Shosho, zima! Zima!" Nikazima upesi, na bado karibu nusu lita ilikuwa imeruka kwenye simiti. Kama ningekuwa peke yangu, nimeondoka kwenda Marikiti, injini ingekauka kabla sijafika Embakasi. Kwa hiyo pitisha kidole pale filta inapokaa, pangusa kwa tambara safi, hakikisha ni chuma kitupu. Paka mpira mpya oili kidogo kwa ncha ya kidole, ukaze filta kwa mkono hadi iguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko. Mkono tu. Mkanda ni wa kufungulia. Mwisho andika kilomita kwenye kopo la filta kwa kalamu isiyofutika.

Shusha gari. Fungua kifuniko cha juu, weka faneli, mimina lita tatu na nusu. Usimimine mkebe mzima. Mkebe ni lita nne, injini inataka 3.7, na kile cha ziada hakiifanyi injini ishibe: oili ikizidi sana, kranki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, huipiga ikawa povu, na povu halilainishi chuma. Washa dakika moja, taa nyekundu ya oili izime upesi, chungulia chini kama kuna tone. Zima, ngoja dakika tano, chomoa kijiti cha kupimia, pangusa, rudisha hadi mwisho, chomoa tena. Ongeza kidogo kidogo hadi ukaribie alama ya juu. Ile robo lita na ushei inayobaki ifungie kwenye buti. Ni yako, umeilipia.

Na ukimlipa fundi, mambo ni haya haya, ila unayatazama. Njoo na oili na filta zako, asubuhi, kabla foleni haijamkimbiza. Utaambiwa, "Madam, kaa tu kwa benchi, tutakuita." Mimi hujibu, "Asante sana fundi, nitasimama hapa nijifunze kazi yako." Hakuna fundi mzuri amewahi kunikasirikia kwa hilo. Mwombe akuonyeshe filta ya zamani mkononi na mpira wake. Mwombe asirudishe nati hadi oili ibaki matone. Kopo zako na ile oili iliyobaki ondoka nazo. Na kijiti kisome mwenyewe kabla ya kutoa pesa.

Bado kuna lita tatu na zaidi za oili chafu kwenye beseni, na hapa sina upole. Usiimwage mtaroni. Maji ya mitaro yetu huishia kwenye vijito vya Mto Nairobi, mto huo huingia Athi, na kandokando yake kuna watu wanamwagilia mboga. Mimi nauza mboga. Ile sukuma ninayomfungia mama wa mtoto mchanga huenda imenyweshwa maji hayo. Wengine huipaka nguzo za ua kuzuia mchwa. Mvua ikinyesha huteremka kwenye udongo huo huo, na mimi nimeacha. Imimine kwenye mtungi wa lita tano wenye kifuniko, usichanganye na maji wala petroli, filta uiache ichuruzike usiku kucha. Mitungi yangu ikifika miwili naipakia Probox, nyuma ya kreti za nyanya zilizokwisha, naipeleka kwenye kituo cha mafuta kinachokusanya oili chafu njiani nikirudi nyumbani. Nilipiga simu kwanza kuuliza kama wanapokea. Kijana wa pale huifungua, hunusa kama kuna petroli, kisha huimimina kwenye pipa lao na kunirudishia mitungi.